Mwandishi na Ndoano Yake: Maisha ya Ernest Hemingway (1899–1961)



Safari hii twawaletea habari za mtu aliyejulikana dunia nzima kwa vitabu vyake, naye ni marehemu Ernest Hemingway wa Marekani. Huenda mtu wa Mugumu au wa Sirari akauliza, huyu atuhusu nini sisi? Atuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, alipata kupiga hema katika nyika za Serengeti kabla hazijawa hifadhi ya taifa. Pili, alikuwa mvuvi wa ndoano tangu utoto hata uzee. Watu wa kwetu wanaokaa kando ya Mto Mara wakingoja kambale, au juu ya mawe ya Musoma wakingoja sato, waijua vema kazi hiyo ya kungoja.

Hatumleti kwa kuwa alikuwa mtakatifu, maana hakuwa. Alipenda pombe kupita kiasi, alioa wake wanne mmoja baada ya mwingine, na aligombana na marafiki wengi waliomsaidia. Twamleta kwa sababu maisha yake yaonyesha jambo ambalo nyumba nyingi hulificha. Mtu mwenye nguvu na sifa aweza kuzama katika huzuni mbele ya macho ya watu wake, nao wasijue la kufanya.

Mtoto wa daktari

Hemingway alizaliwa tarehe 21 Julai 1899 katika mji wa Oak Park, karibu na Chicago. Alikuwa mtoto wa pili kati ya sita. Baba yake, Clarence, alikuwa daktari. Mama yake, Grace, alikuwa mwimbaji na mwalimu wa muziki. Ilikuwa nyumba ya watu wa kanisa, wenye kusali mezani na kushika sana adabu.

Kila mwaka wakati wa joto jamaa yote ilihamia kaskazini, jimbo la Michigan, walikokuwa na nyumba ndogo kando ya Ziwa Walloon. Huko ndiko daktari alikomfundisha mwanawe kuvua. Alimwonyesha jinsi ya kutia chambo, jinsi ya kukaa kimya, na jinsi ya kumsafisha samaki kwa kisu bila kuharibu nyama. Pia alimfundisha kwamba mtu akimuua mnyama au samaki, hana budi kumla. Kabla hajafikisha miaka mitano mtoto yule alikuwa ameshazoea kushika mshipi, na mapenzi hayo hayakumtoka.

Lakini daktari yule, aliyewatibu watu wengi, mwenyewe alikuwa na ugonjwa usioonekana. Nyakati nyingine aliingiwa na majonzi yasiyo na sababu, hata akalazimika kwenda mbali kupumzika. Watoto waliona, lakini siku zile mambo hayo hayakuzungumzwa.

Baada ya shule, mwaka 1917, kijana alipata kazi ya uandishi wa habari katika gazeti la Kansas City. Mwaka uliofuata akaenda Italia kwenye Vita Kuu ya Kwanza kuendesha gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu. Tarehe 8 Julai 1918, alipokuwa akiwapelekea askari chokoleti na sigara, kombora lilimwangukia karibu. Vipande zaidi ya 200 vikamwingia miguuni. Alikuwa bado hajatimiza miaka 19.

Aliporudi nyumbani hakupata usingizi wa usiku kama zamani. Dawa aliyoijua ilikuwa maji na ndoano. Mwaka 1919, wakati joto lilipokuwa likiisha na majani yakikaribia kupukutika, yeye na rafiki zake wawili walipanda treni mpaka kituo cha Seney kaskazini mwa Michigan, wakapiga kambi kando ya Mto Fox, wakavua trauti. Miaka michache baadaye aliiandika safari ile kama hadithi ya kijana mmoja aliye peke yake mtoni. Hadithi yenyewe haitaji vita hata mara moja. Lakini msomaji aonaye jinsi kijana yule apangavyo kila kitu polepole, hema, moto, chakula na chambo, atambua kwamba huyo ni mtu aliyeumia, naye anajishikilia kwa kazi ndogo ndogo asije akaanguka.

Ukutani bandarini

Mwezi wa Septemba 1921 alimwoa Hadley Richardson, na mwishoni mwa mwaka ule wakapanda meli kwenda Ufaransa. Meli ilitia nanga Vigo, bandari ya Hispania. Hapo Hemingway aliwaona jodari wakubwa wakiruka ndani ya ghuba, naye akapeleka habari zao katika gazeti la Toronto. Alikuwa mtu wa mito na maziwa, kama sisi. Pale Vigo ndipo moyo wake ulipoanza kuvutwa na samaki wa baharini.

Walikaa Paris wakiwa na fedha kidogo, naye akajifunza kuandika kwa maneno machache yaliyo wazi. Kitabu chake kikubwa cha kwanza kilitoka mwaka 1926 na kumpa jina. Mwaka 1927 yeye na Hadley wakaachana, naye akamwoa Pauline Pfeiffer, aliyekuwa Mkatoliki. Tangu hapo Hemingway pia alijihesabu kuwa Mkatoliki.

Mnamo Aprili 1928 yeye na Pauline walifika Key West, mji wa kisiwani kusini kabisa mwa Marekani, mkabala wa Kuba. Hakuwa na mashua wala hakujulikana na mtu pale. Asubuhi aliandika kitabu. Alasiri alichukua ufito wake wa kuvulia akaenda kwenye gati na kwenye madaraja, akatupa ndoano miongoni mwa watu wengine.

Hapa yafaa tuwaeleze wasiokaa pwani. Uvuvi wa kutoka ukutani ni uvuvi wa mtu asiye na mashua. Ukuta wa bandari ukikaa majini miaka mingi huota majani ya bahari, huota chaza, na kaa huingia katika nyufa zake. Samaki wadogo huja kula hapo, na wakubwa huwafuata wadogo. Kwa hiyo mvuvi hana haja ya kwenda mbali, maana samaki wenyewe huja chini ya miguu yake. Afunga ndoano na chubwi, atia kipande cha kamba au cha samaki, ateremsha mshipi mpaka uguse chini, kisha aunyanyua kidogo. Baada ya hapo ni kidole tu kisikilizacho.

Bahari ina jambo ambalo ziwa letu halina, nalo ni maji kujaa na kupwa. Katika pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na zaidi kidogo. Mvuvi wa ukutani lazima ajue saa hizo, kwa sababu samaki hula sana maji yanapotembea, na maji yakisimama mara nyingi nao husimama. Vijana wa Forodhani kule Unguja, au wa Mombasa na Tanga, wayajua haya bila kufundishwa shuleni. Na jambo lingine la ukutani ni kwamba hakuna mkubwa. Tajiri na mchukuzi hukaa bega kwa bega, na samaki haulizi nani kashika mshipi.

Hivyo ndivyo Hemingway alivyopata marafiki Key West. Alijuana na Charles Thompson, ambaye jamaa yake ilikuwa na duka la vyuma na zana za uvuvi, na pia na manahodha waliompeleka bahari kuu. Siku moja ya Aprili, akiwa amekaa gatini akivua, alisikia mluzi alioujua tangu utoto. Alikuwa baba yake. Daktari na mkewe walikuwa wakirudi kutoka matembezi ya Havana, na meli yao ilipita Key West. Hawakuwa wamepanga kukutana. Kwa muda mrefu pamekuwa na ubaridi kati ya wazazi na mwana, kwa sababu ya vitabu vyake na kwa sababu ya kumwacha mke wa kwanza. Lakini siku ile walikutana pale pale gatini wakafurahiana.

Miezi minane baadaye, tarehe 6 Desemba 1928, daktari alijiondoa uhai nyumbani kwake. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari, madeni yalimsumbua, na yale majonzi ya zamani yalikuwa yamemzidi. Hemingway alikuwa katika treni na mtoto wake mkubwa, mwenye miaka mitano tu, walipokuwa wakielekea kusini. Simu ya maandishi ikamfikia njiani. Hakuwa na fedha ya kutosha ya kugeuza safari. Rafiki yake Scott Fitzgerald, mwandishi mwenzake, akamletea fedha stesheni ya Philadelphia. Mtoto akakabidhiwa kwa mtumishi wa treni aendelee na safari, naye baba akaenda kuzika.

Baadaye alimsaidia mama yake na wadogo zake kwa fedha, wala hakuwaacha. Lakini kwa maneno alikuwa mkali. Alisema baba yake alikuwa mwoga, na lawama nyingi akamtupia mama. Hakukubali kwamba baba alikuwa mgonjwa. Hilo lilimwia gumu kwa sababu yeye mwenyewe tayari alikuwa akiyajua majonzi yale.

Serengeti na Malindi

Mwaka 1933 ami yake Pauline, tajiri mmoja, aliwagharimia safari ya Afrika. Walishuka Mombasa mwezi wa Desemba wakiwa na Charles Thompson, yule wa duka la vyuma. Kutoka Nairobi waliongozwa na mwindaji Mwingereza, Philip Percival, wakaingia Tanganyika na kufika nyika za Serengeti.

Siku hizo Serengeti haikuwa kama ilivyo leo. Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1951. Wageni wenye fedha walikuja kuwinda simba, chui na nyati ili wapeleke vichwa na ngozi kwao. Wapagazi, wapishi na wafuatiliaji nyayo wa Kiafrika ndio waliofanya kazi kubwa, na dunia haiyajui majina ya wengi wao. Hemingway aliwasifu katika kitabu alichokitoa mwaka 1935 juu ya safari ile. Katika kitabu hicho hicho alieleza jinsi alivyomwonea kijicho rafiki yake Thompson, aliyepata wanyama wenye pembe kubwa kuliko zake. Hapo twaona kasoro moja iliyomfuata siku zote: alipenda kushindana, na aliposhindwa alikosa furaha hata mbele ya uzuri wa nyika yetu.

Januari 1934, akiwa huko, alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Ndege ndogo ilimchukua mpaka Nairobi kwa matibabu. Kutokana na safari hiyo alipata wazo la hadithi yake juu ya mwindaji anayekufa porini huku akiota theluji ya Kilimanjaro, hadithi iliyotoka mwaka 1936.

Alipopona alirudi kuwinda kwa muda, kisha yeye na wenzake wakashuka Malindi kuvua. Maji ya pwani ile ni mazuri kwa uvuvi wa ndoano wakati wa kaskazi, bahari inapotulia na samaki wakubwa kukaribia. Huko ndiko jodari, nguru na nduwaro hupita, nduwaro akiwa ni yule mwenye mdomo mrefu kama mkuki. Baada ya majuma ya ugonjwa na mashindano ya bunduki, Hemingway alipata tena kazi aliyoipenda kuliko zote. Aliondoka Afrika na shauri moja moyoni, kwamba sasa atanunua mashua yake mwenyewe.

Mashua Pilar

Mashua hiyo ilijengwa Brooklyn, New York, mwaka ule ule wa 1934, yenye urefu wa futi 38, naye akaiita Pilar. Akatoka ukutani akaingia bahari kuu. Pale Bimini, mwaka 1935, alisifiwa kwa kumleta jodari mkubwa mzima. Kabla ya hapo wavuvi walikuwa wakileta mabaki tu, kwa maana papa humshambulia jodari aliyechoka kwenye mshipi. Siri yake ilikuwa kutompa samaki nafasi ya kupumzika, na kumvuta upesi kabla papa hawajanusa damu.

Tusidhani alikuwa mtu wa mchezo tu. Wataalamu wa jumba la sayansi la Philadelphia walikuja kukaa naye Kuba mwaka 1934 ili kuchunguza samaki wa jamii ya nduwaro, na mmoja wao, Henry Fowler, mwaka 1935 alimpa samaki mmoja jina la kitaalamu linalotokana na Hemingway. Chama cha kimataifa cha wavuvi wa ndoano kilipoanzishwa mwaka 1939 ili kuweka sheria za haki katika uvuvi huo, yeye alikuwa miongoni mwa makamu wa rais wake kuanzia mwaka uliofuata.

Hata hivyo, waliomjua Key West waliona badiliko. Yule aliyekaa gatini na ufito mmoja akicheka na wachukuzi, sasa alihesabu ratili na futi, na alikasirika mtu mwingine akipata samaki mkubwa zaidi. Pombe nayo iliongezeka. Ndoa ya pili ikavunjika, akamwoa Martha Gellhorn mwaka 1940, na baadaye Mary Welsh mwaka 1946. Kati ya hayo alikwenda kuandika habari za vita vya Hispania, na baadaye za Vita Kuu ya Pili huko Ulaya. Tangu 1939 makao yake yalikuwa Kuba, karibu na Havana, na Pilar ilifungwa katika kijiji cha wavuvi kiitwacho Cojímar.

Mzee na samaki wake

Cojímar ni kijiji kidogo chenye ngome ya kale mdomoni mwa bandari. Wavuvi wake walikwenda baharini kwa mashua ndogo, mtu mmoja mmoja, wakivua nduwaro kwa mshipi wa mkono. Hemingway alikaa nao miaka mingi, akisikiliza. Mapema mwaka 1936 alikwisha andika gazetini kisa cha mzee mmoja wa Kuba aliyevutwa siku mbili na samaki mkubwa, na papa wakamla samaki huyo kando ya mashua.

Kisa hicho alikitunza moyoni miaka 15. Kufikia mwaka 1950 wengi walisema kwamba amekwisha. Kitabu alichokitoa mwaka huo kilichekwa. Ndipo alipoketi akaandika habari za mzee wa Kuba aliyekaa siku 84 bila kupata samaki. Katika siku za Septemba, wakati samaki wakubwa wapitapo, mzee yule anakwenda mbali kuliko wote, anampata nduwaro mrefu kuliko mashua yake, anashindana naye siku na usiku, anamshinda, kisha papa wanamla wote. Anarudi bandarini na mifupa mitupu. Kijana mmoja amlilia, amletea kahawa, na kuahidi kwenda naye tena.

Hadithi hiyo ilichapwa katika gazeti la Life la Marekani tarehe 1 Septemba 1952, na nakala milioni 5 zikanunuliwa kwa muda wa siku mbili. Mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Pulitzer, na mwaka 1954 Tuzo ya Nobel. Jambo la kuangalia ni hili. Yeye mwenye mashua ya injini na vyombo vya fahari hakuandika kitabu chake kipendwacho zaidi juu ya ushindi wake. Aliandika juu ya maskini mwenye mshipi wa mkono, aliyepoteza kila kitu ila hakupoteza heshima yake, wala hakukosa mtu wa kumngojea ufukoni. Medali ya Nobel aliitoa sadaka kwa kanisa la El Cobre huko Kuba, ambalo watu wa bahari wa nchi hiyo hulipenda sana.

Ndege mbili na moto wa Shimoni

Kabla ya tuzo hiyo alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953. Mwanawe wa pili, Patrick, alikuwa amehamia Tanganyika, akilima katika nyanda za juu za kusini. Patrick alikaa nchini kwetu miaka mingi, na baadaye alifundisha katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963. Alifariki huko Marekani mwaka 2025.

Tarehe 23 Januari 1954 ndege ndogo iliyombeba Hemingway na Mary iligonga waya wa simu karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda, ikaanguka. Walilala porini, na kesho yake mashua ikawachukua mpaka Butiaba. Huko wakapanda ndege nyingine, nayo ikashika moto kabla ya kuruka. Mlango haukufunguka, Hemingway akausukuma kwa kichwa na bega mpaka ukaachia. Magazeti ya dunia yalikwisha kutangaza kifo chake, naye akapata kusoma habari za mauti yake mwenyewe. Lakini alikuwa ameumia fuvu, uti wa mgongo, ini na figo.

Badala ya kulazwa, alikwenda Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, kwa ajili ya uvuvi uliokuwa umepangwa katika mkondo wa Pemba. Wenzake walitoka baharini, yeye akakaa barazani muda mwingi, maana hakuweza kusimama vema. Moto wa nyasi ulipowaka karibu na kambi alijaribu kusaidia kuuzima, akaangukia ndani yake na kuungua vibaya. Wengi huona kwamba tangu mwaka ule hakuwa tena mtu yule yule. Alikuwa na miaka 54 tu, na alionekana mzee.

Mwisho wake

Miaka iliyofuata maumivu hayakumwacha, wala pombe hakuiacha. Mwaka 1960 aliondoka Kuba asirudi tena, akakaa Ketchum, katika milima ya Idaho, mbali kabisa na bahari. Huzuni ikamshika pamoja na hofu. Alidhani anafuatwa na kupelelezwa. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba hakuweza tena kuandika. Alilazwa mara mbili katika hospitali kubwa ya Minnesota, akatibiwa kwa umeme, na kumbukumbu zake zikapungua. Alipoonekana amepata nafuu aliruhusiwa kurudi nyumbani. Alfajiri ya tarehe 2 Julai 1961 akajiondoa uhai, kama baba yake miaka 33 kabla. Maziko yalingojea hata Patrick alipowasili kutoka Afrika.

Mary aliwaambia watu kwamba ilikuwa ajali. Alikaa na neno hilo miaka mitano kabla ya kusema kweli. Tusimlaumu upesi. Hapa kwetu pia jambo kama hilo likitokea, watu husema marehemu aliugua ghafula. Maombolezo hufanywa haraka, na watoto hukua bila kuambiwa. Kitabu chetu cha Sala cha mwaka 1662 chenyewe kiliwanyima waliojiua ibada ya maziko, na Kanisa la Uingereza limeliondoa katazo hilo katika sheria zake miaka ya karibuni tu. Lakini kuficha hakukuiponya jamaa ya Hemingway. Baada yake dada mmoja, ndugu yake wa kiume na mjukuu mmoja walikufa kwa njia ile ile. Ugonjwa huu, ambao siku hizi huitwa sonona, waweza kutembea katika ukoo kama kisukari kitembeavyo, nao wahitaji tabibu kama kisukari kinavyohitaji.

Basi tujifunze nini? Hemingway alipokuwa kijana aliyetoka vitani, aliokolewa na mto, kazi ndogo ndogo, na rafiki wawili waliokwenda naye. Alipofika Key West mgeni, alipata watu kwa kukaa nao ukutani. Katika uzee wake alikuwa na sifa dunia nzima, lakini maji na watu wa namna hiyo walikuwa wamebaki mbali. Tukimwona katika mtaa wetu mtu aliyeanza kujitenga, asiyelala, asemaye kwamba yeye ni mzigo kwa watu, tusimwite mwoga wala mvivu, wala tusiseme amerogwa. Tukae naye, na tusimwache peke yake. Tumwulize wazi bila aibu kama anafikiri kufa, maana kuuliza hakumtii wazo hilo. Tumpeleke hospitali, na tumrudie hata baada ya kuambiwa amepona, kwa sababu siku za kupata nafuu nazo zina hatari yake.

Wavuvi wa Cojímar waliposikia habari za kifo chake walitaka kumkumbuka, lakini hawakuwa na fedha. Wakatoa propela za mashua zao na vipande vya shaba walivyokuwa navyo, vikayeyushwa, na kwa shaba hiyo ikafanywa sanamu yake ya kichwa na mabega. Tangu mwaka 1962 imesimama kando ya bahari, karibu na ile ngome ya kale, ikitazama maji ambayo Pilar ilikuwa ikirudi jioni. Watu hao hawakuuliza alikufaje. Walikumbuka kwamba alikaa nao.